Dada wa masjala alivyokataa barafu

Jumatatu moja asubuhi, ofisini kwetu hapa Igogo, Mwanza, dada wa masjala alinipigia simu sauti imemkauka. "Kaka, nimekataa barafu." Nikadhani amegombana na dereva. Kumbe amebonyeza kitufe kwenye mfumo wetu wa kompyuta wa kuidhinisha manunuzi.

Ombi la kununua barafu ya mashua zinazokusanya sangara visiwani lilimfikia akague viambatisho. Profoma ya muuzaji, yaani ankara ya awali ya kuonyesha bei, haikuwepo, akataka kulirudisha kwa mwombaji aiweke. Mbele yake kulikuwa na vitufe vitano: Idhinisha, Kataa, Rudisha, Kaimisha, Futa. Kataa na Rudisha vimebanana, rangi ile ile. Akagusa Kataa. Kwenye mfumo wetu ombi lililokataliwa halifufuki, linaandikwa upya na kuanza tena kwa mkuu wa idara. Mashua ya alfajiri ikaondoka saa nane mchana.

Kwenye kikao akaambiwa awe makini. Mimi nasema hapana. Kukataa manunuzi si kazi ya masjala, sasa kitufe hicho alipewa cha nini?

Serikalini jambo hili limeandikwa kabisa. Sheria ya Ununuzi wa Umma inatenganisha majukumu ya afisa masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha ununuzi, idara tumizi na kamati ya tathmini, asiwepo wa kumwingilia mwenzake. Sisi ni kampuni binafsi, sheria hiyo haitubani, ila hata kwetu madaraka yamegawanywa vizuri tu kwenye makaratasi. Ni kwenye skrini ndiko yamerundikwa kapu moja.

Kwa maoni yangu, kitufe kionekane kwa kuangalia wewe ni nani, ombi limefika hatua gani na ni la shilingi ngapi. Mhasibu aone "Fedha ipo" na "Rudisha", basi. Akishapitisha, vyote vimwondokee. Mwombaji aweze kuliondoa ombi lake kabla halijaidhinishwa na yeyote, na akibadilisha kiasi baada ya hapo, idhini zote zifutike lianze upya. Vinginevyo bosi anasaini mifuko 40 halafu inanunuliwa 400 kwa saini yake.

Tundu linalosahaulika ni la kaimu. Mkuu wetu wa idara alisafiri kwenda Dar akamkaimisha kijana mmoja, ambaye siku mbili nyuma alikuwa ameomba matairi. Ombi lake mwenyewe likamjia, akaliidhinisha. Hakuwa na nia mbaya, na matairi yalihitajika kweli, lakini mkaguzi haulizi nia. Mfumo ulitakiwa kumtambua kwamba mwombaji na mwidhinishaji ni mtu yule yule, hata akiwa amevaa kofia ya mkuu.

Baada ya sakata la barafu, mtu wetu wa kompyuta alificha vitufe, tukapumua. Wiki iliyofuata mtu akafungua baruapepe ya zamani, akabofya kiungo cha kuidhinisha kilichokuwemo, na ombi likapita! Kitufe kilikuwa kimefichwa machoni tu. Huko nyuma ya skrini hakuna aliyeuliza tena kama huyu bado ana ruhusa, na hapo ndipo swali linapotakiwa kuulizwa, kila mara, hata kama kitufe hakionekani.

Nilitofautiana pia na mtu wetu wa kompyuta kwenye kuficha kila kitu. Kama zamu yako bado, ni heri kitufe kiwepo kimefifia, chini yake pameandikwa "Inasubiri mhasibu". Ukikificha, watu wanadhani mfumo umeharibika, na simu inayoita ni yangu. Kifichwe kabisa kile ambacho hakitakuwa chako hata siku moja.

Dada wa masjala sasa ana vitufe viwili, "Peleka mbele" na "Rudisha", na Rudisha hakifanyi kazi mpaka aandike sababu. Juzi nimeona ameandika: "Profoma haipo. Na naomba msiniletee barafu saa kumi na moja jioni, mimi nina daladala ya kuwahi."