Staringi Haingii Kwenye Flashi

Ati "faili kubwa mno," inasema kompyuta. Staringi wa picha, mtu anayezuia ndege kwa kifua, anayenyanyua basi pamoja na abiria na konda wao, leo kashindwa kuingia kwenye flashi ya GB 16. Na flashi yenyewe tupu, yakhe! Hata taarabu za mama watoto zimefutwa kumpisha yeye.

Si kwamba kijana wa kibandani, anayetutilia picha kwenye flashi, hajui kazi. Anajua sana, ila ujuzi wake anautoa kwa mafungu, kama dawa: fungu moja kila unaporudi. Safari ya kwanza anakwambia, "Ami, flashi haijajaa, mlango wake ndio mdogo." Maana yake imefomatiwa, yaani imepangwa ndani, kwa mtindo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja likifika GB 4, hata nafasi iwe uwanja wa Mnazi Mmoja. Picha ya saa tatu, ukiitaka safi, inapindukia GB 5. Basi anaifomati upya kwa NTFS, faili linaingia bila ya kelele, mnaagana kwa heshima. Nyumbani mkeka umeshatandikwa, watoto wa jirani wameshapanga safu, televisheni inasema hakuna kifaa. Televisheni kadhaa za bei zetu sisi NTFS hazitaki hata kuisikia. Rudi. Anaweka exFAT: zipo televisheni zinazoikubali, ya kwako si mojawapo. Rudi tena. Mwisho anakupa nakala nyembamba ya 720, usafi wake wa chini kidogo, GB 2 hazifiki, kwenye FAT32 ile ile ya asubuhi. Kwa nini hakuanza na hiyo? "Ami, si ulisema unataka safi?"

Haya, picha imetokea. Midomo inakwenda, sauti hamna. Unagonga televisheni, unachomoa waya, unamsingizia mtoto kuwa kaficha rimoti. Kumbe sauti imefungwa kwa DTS, na televisheni yako haina cha kuifungulia. Au kinyume chake: sauti inanguruma, kioo cheusi tii, kwa sababu picha imefungwa kwa x265 na televisheni ya zamani imeishia x264. Kwa hiyo kabla hujatoa hela sema: "Nataka x264, sauti AAC." Kijana atakutizama kama umemtukania wazee, lakini atakupa.

Bado maandishi ya chini. Faili lake, la srt, lazima liwe na jina lile lile la picha, herufi kwa herufi, na wakae folda moja. Kijana picha kaibatiza KALI MPYA 2, srt kaliacha na jina lake la ukoo lenye maneno kumi na nukta zake. Hawajuani hata kidogo. Ukishawapatanisha, maneno yanachelewa. Yakichelewa kiasi kile kile toka mwanzo, rimoti inatosha kuyasogeza. Yakizidi kuchelewa kila unavyotizama, hapo rimoti si dawa, tafuta srt nyengine: picha yako inakwenda fremu 25 kwa sekunde, na maneno yamepimwa kwa 24 kasoro chembe. Saa moja tu, umeachwa nyuma dakika mbili na nusu. Adui keshakufa, keshafukiwa, huku chini bado anatishia kuiteketeza dunia.

Na yote haya kwa ajili ya mtu ambaye hata uso wake huuoni!

Enzi za majumba ya sinema ya Unguja, Majestic pale Vuga, na Cine Afrique Malindi, mtu alikuwa anakwenda kumtizama mtu. Ukisema "lipo la Amitabh" umemaliza, hakuna anayeuliza linaitwaje. Leo sema unataka la Spider-Man. Yupi? Wa 2002 Tobey Maguire, wa 2012 Andrew Garfield, toka 2016 Tom Holland, na 2021 wakawatia wote watatu kwenye picha moja kama daladala la mwisho. Batman ndio usiseme. Toka 1989: Keaton, Kilmer, Clooney, Bale, Affleck, Pattinson. Wanaume sita, vazi moja! Lile ni joho la harusi la kuazima. Anayelivaa siku hiyo ndiye bwana harusi, anapigiwa vigelegele, kesho linafuliwa anapelekewa mwengine, na wanaoshangilia ni wale wale.

Wenye sinema zao walilijua zamani hilo. Superman ya 1978, Christopher Reeve ndiye anayeruka, lakini jina linaloanza ni la Marlon Brando, halafu Gene Hackman, ndipo mrukaji. Brando alivuta karibu dola milioni 3.7 kwa kuonekana dakika zisizofika 20. Reeve akapewa 250,000, tena kwa picha mbili. Hiyo si nauli tu?

Aliyelishinda joho ni mmoja, Iron Man wa Robert Downey Jr. Mavazi ya chuma mengi kachora kompyuta, lakini kila mara wanatuingiza ndani ya kofia tumwone anavyokunja uso. Toka 2008 hadi 2019 hatukumwita Iron Man, tulimwita staringi. Wakamuua! Kila mtoto wa visiwani anazaliwa anajua kuwa staringi hafi. Barazani atatokea mzee na kikombe chake cha kahawa akukumbushe kwamba Amitabh alikufa kwenye Sholay, 1975. Ni kweli mzee. Lakini alifia mikononi mwa rafiki yake, uso wazi, watu wakalia wakashiba. Na hakurudi kuwa adui wa waliobaki.

Huyu je? 2024 wametangaza anarudi, safari hii ni Doctor Doom, adui mwenyewe, tena kavaa barakoa ya chuma. Sasa watoto wanauliza akitokea wapige makofi au wamzomee, na mtu mzima huna jibu, unajifanya unatafuta betri za rimoti.

Barakoa zenyewe za sikukuu, zile za Darajani, matundu ya macho yamekaa kwenye paji la uso, mtoto anatembea kwa kubahatisha mpaka akutane na ukuta. Haya, nyamazeni, flashi imeanza kusoma. Na ikimalizika msiichomoe hivi hivi, kwenye kompyuta mpaka ubonyeze "Eject" kwanza, hapa mpaka muizime televisheni, la sivyo mafaili yanavurugika na kule kwa kijana siendi mara ya tano. Nani kaichomoa?