Unguja hadi Pemba: nusu saa ya angani si safari nzima

Ukiuliza umbali wa kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Pemba kule Chake Chake, utajibiwa kilomita 125 hivi kwa mstari ulionyooka, mwendo wa nusu saa. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Nagombana na wanaopanga ratiba kana kwamba safari yote ni hiyo nusu saa.

Visiwa vyenyewe vimeachana kwa kilomita 50 tu hivi za bahari. Zinazobaki zinatokana na mahali viwanja vilipo: wa Unguja uko Kiembesamaki, kusini ya mji, na wa Pemba uko katikati ya kisiwa. Basi mtu wa Nungwi, ambaye ndiye jirani wa karibu wa Pemba, huteremka kwanza kusini kwa gari karibu kilomita 60, halafu apande ndege imrudishe kaskazini alikotoka. Mwenzake wa Konde, kaskazini ya Pemba, akiwahi ndege ya asubuhi sana, atoke kwao alfajiri bado. Gari la kukodi saa hizo si bei ndogo, kwa hiyo wengi hulala Chake kwa jamaa tangu jana yake.

Ndege nyingi za njia hii ni Caravan, zile ndogo za pangaboi moja, abiria kama 12. Mzigo aghalabu ni kilo 15, na hapo mzanini ndipo utamwona mama akifungua kapu, akitoa shokishoki fungu baada ya fungu na kuwarudishia waliomsindikiza. Caravan inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Hata ikiletwa ndege yenye kasi maradufu, tutaokoa kama dakika kumi, kwa sababu kupaa na kutua kuna muda wake. Kwa hiyo, ahadi ya ndege ya kasi zaidi hainipi raha yoyote.

Boti ya kwenda Mkoani, bandari ya kusini ya Pemba, ipo, na nauli yake ni nafuu. Lakini tangu MV Spice Islander izame usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba na watu wetu, wapo wazee ambao hutawapandisha boti tena hata kwa kuwabembeleza. Kwa hao ndege si anasa.

Mfikirie mzee wa namna hiyo, ameandikiwa kuonana na daktari asubuhi katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja. Ndege ikiondoka Chake saa nne, kliniki imeshampita. Ikiwa ya mwisho kurudi ni ya mchana, atalala mjini, yeye na anayemshika mkono, na gharama ya malazi na chakula inakaribia nauli yenyewe.

Ninachotaka ni ndege ya kwanza itoke Pemba mapema, ya mwisho iondoke Unguja jioni, na daladala za Konde, Wete na Mkoani zipangiwe saa zinazolingana nazo.