Boya Kwenye Mpini wa Kisu

Alhamisi iliyopita niliondolewa kwenye vitunguu. Sikufukuzwa, wala hakuna aliyenitolea neno chafu. Tulikuwa uani katika nyumba moja ya Langoni, mtaa wa Amu, yaani Lamu, wanawake zaidi ya ishirini, tukiandaa chakula cha arusi ya siku ya pili yake, nami nilikuwa nimekwisha kuketi jamvini na kutandaza vitu vyangu, yaani kisu chenye boya la wavu kwenye mpini na kibao chenye misumari miwili iliyosimama, ambayo huchomekwa kitunguu ili kisitembee kinapokatwa. Mama mmoja wa makamo, ambaye namheshimu tangu utoto wangu, alikitazama kile kibao kwa muda, akakiinua mbele ya watu, akauliza tangu lini vitunguu vinapigiliwa misumari kama mlango. Wenzake wakacheka. Kisha akanishika bega kwa upole na kusema, "Mwanangu, mikono yako haiwezi. Keti barazani upumzike, sisi tutamaliza." Nilikwenda barazani, nikakaa huko saa tatu nzima nikisikiliza visu na mazungumzo ya wenzangu, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kula.

Naandika kwa sababu ya zile saa tatu.

Nina baridi yabisi ya mikono, na huu ni mwaka wa saba. Watu wa kwetu huamini kwamba ugonjwa huu huletwa na maji baridi, au na kufua mara tu baada ya kupiga pasi, na nimekwisha kukemewa mara nyingi kwa makosa ambayo sikuyafanya. Maji hayana hatia. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo, utando ukavimba, na uvimbe ule ukiachwa hula gegedu na mfupa. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanzia kwenye viungo vidogo vya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Alfajiri vidole vyangu hukakamaa, na hupita saa nzima au zaidi kabla havijakubali kukunjika, ilhali ikifika adhuhuri huwa ni kama vidole vya mtu mwingine. Dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa zipo, na anayezianza mapema huokoa viungo vyake. Mimi katika zahanati niliyokuwa nikienda nilipewa za kutuliza maumivu tu kwa karibu miaka miwili, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Hilo nitaliandikia siku yake.

La leo ni jikoni. Katika jikoni zetu za Amu tumeyafanya maumivu ya mikono kuwa kipimo cha mwanamke. Anayekuna nazi kumi asubuhi na kukamua tui lake kwa viganja mpaka vikawaka moto huitwa mpishi, na anayepeleka nazi zake sokoni zikakunwe kwa mashine husemwa kuwa amelegea, hakufundwa, au mtuzi wake hauna mkono wa mtu. Nimeyasikia maneno haya tangu nilipokuwa mzima, na naungama kwamba niliwahi kuyasema mwenyewe juu ya jirani yangu, jambo ambalo linaniuma kuliko vidole.

Naomba wenzangu waitazame mbuzi ya nazi kana kwamba hawajapata kuiona. Aliyeibuni alijua kwamba mikono miwili haitoshi kushika chuma na kushika nazi kwa wakati mmoja, akakifunga chuma kwenye kigoda, akamkalisha mkunaji juu yake, uzito wa mwili mzima ukafanya kazi ya kushikilia, na mikono ikaachiwa jambo moja tu la kukizungusha kifuu. Hicho ni kifaa cha kuisaidia mikono, na kilibuniwa na mtu aliyeihurumia mikono. Kifumbu nacho ni hivyo hivyo, kwa kuwa kimesukwa kwa namna ambayo ukikivuta na kukisokota hujibana chenyewe, kikatoa tui ambalo kiganja peke yake hakilifikii. Upawa una mpini mrefu ili mkono usiungue. Mchi hupokezanwa na wawili ili bega moja lisichoke. Hakuna hata kimoja katika vyombo hivi kilichotengenezwa ili mwanamke aumie zaidi, na waliotuachia vyombo hivi walikuwa wakifanya jambo lile lile ninalolifanya mimi kwa boya na misumari, wakitazama kazi, wakitazama mwili, kisha wakitafuta njia ya kuupunguzia mwili mzigo bila kuiacha kazi. Alhamisi ile, wakati kibao changu kilipokuwa kikichekwa, hatua mbili kutoka nilipoketi palikuwa na dada mmoja aliyeikalia mbuzi akikuna, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini hakushika chuma mkononi.

Tui nyumbani kwangu hukamuliwa ukutani. Nazi iliyokunwa huitia maji ya uvuguvugu, nikaifungasha ndani ya kitambaa chepesi, nikakitundika kitambaa kwenye kulabu iliyopigiliwa ukutani juu ya karai, kisha nikapitisha mwiko mrefu katikati ya fundo na kuuzungusha kwa kuusukuma kwa kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, bila kufumba vidole. Mwiko ukiwa mrefu, msukumo mdogo kwenye ncha yake huwa nguvu kubwa kwenye fundo, na tui hutoka mpaka machicha yakabaki makavu. Nilijifunza hivyo kwa kumwona mchukuzi mmoja akikaza kamba ya mzigo juu ya punda kwa kijiti. Alikuwa kijana mwenye misuli ya kutosha, na hata hivyo alitumia kijiti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nazi ya mkono ina utamu wake. Mkunaji mzuri husimama anapoufikia ule utando wa kahawia unaogusa kifuu, lakini mashine haijui kusimama, hivyo tui lake huelekea kijivu na wali huonyesha. Kwa samaki wa kupaka wa sikukuu humwomba binti wa dada yangu anikunie, na hunikunia vizuri. Lakini mwaka una siku nyingi zisizo sikukuu, na katika siku hizo watoto wangu hula wali wa nazi badala ya kula sifa ya nazi.

Sasa nirudi kwenye boya, kwa kuwa ndilo lililochekwa pamoja na kibao. Kaka yangu ni mvuvi, na yapo maboya madogo ya sponji ngumu ambayo hukatika kwenye nyavu zake. Yana tundu katikati tangu dukani. Siku moja aliniona nikishika kisu kwa mikono miwili ili nikate nyanya, akatoka bila kusema neno, akarudi na boya, akalisukumiza kwenye mpini. Tangu siku hiyo nakata. Mpini mwembamba hulazimisha vidole vijikunje mpaka mwisho na kubana kwa nguvu ili kisu kisizunguke, ilhali mpini mnene hushikwa na mkono uliofunguka nusu, na kisu kikatulia bila kubanwa sana. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Cooney na Chao, walipiga hesabu ya nguvu zinazopita ndani ya kidole gumba, wakaona kwamba mtu akibana kitu kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kilo moja tu, kiungo cha shina la kidole gumba hubeba takriban kilo 12. Anayemenya punje za saumu za biriani ya watu mia aifikirie hesabu hiyo. Mimi siku hizi huzilowesha saumu katika maji ya moto kidogo, na maganda huteleza yenyewe.

Mwaka 1990, huko huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Sam Farber alianza kuuza vifaa vya jikoni vya OXO vyenye mipini minene ya mpira, kwa sababu mkewe Betsey alikuwa na ugonjwa wa viungo na kimenyeo cha kawaida kilimuumiza. Vilinunuliwa na watu wenye mikono mizima pia, kwa kuwa kitu kinachomfaa mwenye kuumwa humfaa na asiyeumwa. Kaka yangu hajapata kusikia habari za bwana huyo. Naye seremala aliyenitengenezea kibao aliniuliza jambo moja tu, mkono gani ndio unaoshika kisu, akachagua misumari isiyoshika kutu, akanipimia. Hakuniuliza kama nilifundwa.

Mahamri nayo yalinitesa kabla sijayaelewa. Nilikuwa nikiukanda unga kwa ngumi nusu saa, nikalala usiku nikiwa nimeifunga mikono kwa leso. Sasa huuchanganya unga, tui, hamira, sukari na iliki kwa mwiko, mchanganyiko ukiwa laini kuliko tulivyozoea, nikauacha robo saa, nikaukunja mara nne kwa kiganja kilicho wazi, nikauacha tena, na kurudia hivyo mara tatu. Maji na muda huziunganisha zile nyuzi za ngano zinazoushikamanisha unga, na ngumi huharakisha tu kazi ambayo ingefanyika. Kusukuma hukusukuma kwa mti mrefu unaopita chini ya vigasha, si ndani ya viganja. Mahamri yanaumuka, yana uwazi ndani, na mwenye shaka karibu asubuhi.

Mengine ni madogo. Sufuria iliyojaa siiinui, maji huyatoa kwa kata. Viazi huvichemsha ndani ya chujio ili nivitoe bila kumimina. Vifuniko vya chupa huvifungua kwa kipande cha ndara kuukuu. Kazi ya kubana huiweka alasiri, na mikono yangu huingia katika maji ya vuguvugu kabla ya kugusa kisu.

Bibi yangu, mama wa mama yangu, ndiye aliyekuwa mkunaji wa nyumba yetu ya Mkomani, ambayo jiko lake liko juu kabisa, kama zilivyo nyumba nyingi za mawe, ili moshi utoke. Alipandia ngazi zile mpaka uzeeni. Baadaye vidole vyake vilivimba na kuinamia upande wa kidole cha mwisho, vyote vinne pamoja, na leo nikivikumbuka najua alikuwa na nini, ingawa wakati ule kilichosemwa ni uzee tu. Mama zangu wakubwa, kwa mapenzi yao, wakamwondolea mbuzi na kuitundika kwenye msumari. Hakuna aliyemkosea adabu. Chakula kililetwa chini kwake, kimefunikwa kwa kawa, kabla hajakiulizia. Lakini pale juu, juu ya mbuzi, ndipo alipokuwa akizungumza. Ndipo alipotwambia samaki gani hushuka wakati wa kaskazi, nani ni nani kwa nani, na mbaazi zinataka kutiwa tui la pili kwanza na la kwanza mwisho. Baada ya mbuzi kutundikwa hakupanda tena. Mwaka ule ule mama alimuuliza kiasi cha ukwaju katika mtuzi wake wa papa, naye akajibu, "Waulizeni walio jikoni." Hatukupata kukijua kiasi kile, na hadi leo mtuzi ule hatuupiki kama wake.

Ndiyo maana neno "pumzika" linanitisha. Najua linatoka katika huruma, na wapo wazee na wagonjwa wanaolihitaji kweli, wakalipokea kwa shukrani. Mimi sikuliomba. Yule mama angeniuliza, "Unataka kazi gani?", ningemjibu kwamba nataka ile ile niliyokuwa nimeishika. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvishinda vikwazo vyake. Vyangu nimevipata kwa mvuvi na kwa seremala, na ninachotaka kwa wenzangu ni waviache mkononi mwangu.

Nampenda yule mama, na juzi nilikwenda kwake. Sikumlaumu. Nilimwomba akate kitunguu kimoja kwa kisu changu juu ya kibao changu, akakata, akakigeuza kile kisu mara mbili tatu huku akilibonyeza boya. Akaniambia kwamba kidole gumba chake cha kushoto kinamuuma tangu mfungo uliopita, na kwamba hajamwambia mtu.

Kaka yangu ameahidi kuleta boya jingine akirudi kutoka baharini. Arusi ya mwezi ujao iko Mkomani, na nimekwisha kumwambia mwenye shughuli kwamba vitunguu ni vyangu.