Kapanda Chumbani, Hajashuka Mpaka Leo

Jamani, hivi waandishi wa hizi tamthilia zisizoisha wanatuonaje? Mdogo wake mhusika mkuu anaaga sebuleni, anapanda chumbani kupumzika, na huo ndio mwisho wake. Hakuna msiba, hakuna safari, hata picha ukutani hamna. Huku kwetu Majengo, Dodoma, saluni nzima tunabaki kuulizana: yule dada mwenye mimba kaenda wapi? Kajifungua? Na mtoto ni wa nani?

Mtoto mwenyewe akirudishwa, kashaota ndevu, na mama yake hajaongeza hata mvi moja.

Halafu kuna hili la kubadilishana sura. The Bold and the Beautiful ilianza Marekani mwaka 1987, na Thorne Forrester ameshachezwa na waigizaji wanne. Ndugu zake wanamkumbatia tu kama hawaoni! Maskini Thorne, hata kwenye mapenzi alipokezwa wapenzi wa zamani wa kaka yake Ridge: Caroline, Brooke, Taylor.

Najua ni mambo ya hela. Wakubwa wana mikataba, wa pembeni wengi wanalipwa kwa kipande walichoonekana. Sawa, lakini sentensi moja tu, "kahamia Paris", inagharimu shilingi ngapi?

Bora hata zile za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mtu wa pembeni akichosha anapigwa risasi, matanga yanakaliwa vipande vitatu, na sote tunajua hayupo.