Mbawakawa wa maua ndani ya ndoo: raha ipo, ila Goliathi ni habari nyingine

Dogo mmoja hapa mtaani Tabata kanionyesha klipu ya Goliathi, lile libawakawa lenye michirizi myeupe na myeusi, limetulia kwenye kiganja cha mtu linakula ndizi, akaniuliza bro huyu si wa Afrika huyu, mbona wanaofuga ni Wajapani na Wajerumani? Mimi nafuga mbawakawa wa maua, ndugu zake wadogo, mwaka wa pili sasa, kwenye ndoo ya lita 20, kwahiyo nina la kusema.

Gharama karibu hakuna. Funza nilichimbua kwenye rundo la samadi na majani ya mwembe nyuma ya nyumba, weupe, wanene, wamejikunja. Ukitaka kujua ni wa maua muweke sakafuni, akilala chali akaanza kutambaa kwa mgongo miguu inaelea juu, ndo mwenyewe (wife mara ya kwanza alijua anakata roho). Wanakula majani na magogo yaliyooza, kisha anajijengea kijumba cha udongo anajifungia humo, akitoka anang'aa, unampa ndizi mbivu au embe lililoanza kulainika, basi. Na anaruka bila kufungua yale magamba ya mgongoni, mabawa yanachomoza pembeni, mbawakawa wengi hawawezi hiyo. Sisi utotoni tulikuwa tunawafunga uzi mguuni wazunguke, kwahiyo ndoo naona ni ustaarabu tu.

Sasa wanaotetea huu ufugaji wanasema ukizalisha nyumbani unauokoa msitu. Kwa hawa wadogo sawa, miezi michache tu ndoo imejaa. Goliathi hapana. Funza wake anataka protini, wafugaji wanampa chakula cha mbwa au cha samaki cha punje, na anakaa funza muda mrefu, halafu jozi moja Ulaya inaenda kwa hela ndefu, sasa kijana mwenye njaa atasubiri ndoo kweli au atapanda msituni kuwakamata? Hapo ndo hoja ya kuokoa msitu inapokufa.

Serikali 2016 ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na wafugaji wa vipepeo wa Amani kule Muheza, ambao walikuwa wanazalisha wenyewe, nao wakakwama. Iliniuma, maana mfugaji kawekwa kapu moja na mwindaji. Ila jiweke kwenye nafasi ya ofisa pale airport, atajuaje pupa huyu (funza aliyejifungia akisubiri kuwa kipepeo) kazaliwa kwenye kizimba au kaokotwa porini?

Na mbawakawa wa kigeni msituletee jamani. Hawaii 2013 walikuta mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi, wanahangaika naye mpaka leo, na sisi Pwani wa kwetu anayetoboa minazi tayari tunaye. Hata hawa wa maua siyo malaika wote, Ethiopia kuna aina inayomaliza mtama shambani.

Kwahiyo kwangu wa jalalani kwako ruksa, wa msituni mwache, na wa milimani hili joto la Januari la Dar litakuulia bure.

Dogo nimempa funza sita. Kauliza watatoka lini, nikamwambia miezi kadhaa, akanyamaza, akauliza kama anaweza kuwachungulia kila siku. Asithubutu, ukivunja kile kijumba cha udongo, aliye ndani mara nyingi hatoki mzima.