Fundi, Hiyo Uliyoshika Ni Setilaiti Gani?

“Signal iko, mama. Imejaa.” Ndivyo fundi wa dishi alivyomwambia shangazi yangu hapa Busia Jumamosi. Akashuka kwenye paa, akapokea pesa yake, akapanda boda. Dekoda ikabaki na maandishi yale yale ya kwamba hakuna signal, na mechi ya Yanga ikachezwa bila sisi. Nilipompigia akasema tatizo ni la kampuni. Kampuni! Mtu hata hajui alichoshika huko angani ni cha nani.

Mafundi wetu, nawaomba. Mstari wa nguvu ya signal kwenye skrini ukijaa haukwambii umeshika nini. LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, ikishapata umeme inatoa kelele zake, na mstari unapanda hata dishi likitazama muembe. Na kile kidude cha kutafutia setilaiti kinacholia piii kinaililia setilaiti yoyote iliyo mbele yake, hakijui majina.

Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Setilaiti za televisheni zimekaa juu ya ikweta hiyo hiyo, kilomita 35,786 kwenda juu, zimepanga foleni mashariki hadi magharibi juu ya mabati yetu. Ile ya longitudo nyuzi 36 mashariki, ya DStv, ukiwa Busia iko karibu utosini. Azam wako nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo unaelekea magharibi, kama nyuzi 58 kutoka upeo wa macho. Na jirani yake yuko nyuzi 5: SES-5, nayo inarusha Afrika vilevile. Nyuzi mbili tu! Ukingo wa dishi la sentimita 90 ukisogea upana wa kidole gumba, umeshahamia kwa wengine. Halafu kuna kipeperushi nilichokiona kwenye boksi kinaamuru ugeuze dishi kusini. Kusini kwetu kuna ziwa, ndugu yangu.

Kwa hiyo kuitambua setilaiti ndiyo kazi yenyewe uliyolipwa. Ingiza kwenye dekoda masafa ya setilaiti unayoitaka, na polariti yake (wimbi limesimama au limelala), na simbo reti (kasi ya data yake), kisha tazama mstari wa ubora wa signal, achana na ule wa nguvu. Ubora ukisimama ndipo dekoda imeanza kuelewa inachosikia. Hata hapo usishangilie, maana setilaiti mbili zaweza kutumia masafa yale yale. Skani. Soma jina la mtandao wa matangazo, soma orodha ya chaneli. Ukikuta mahubiri ya lugha usiyowahi kuisikia sokoni, siyo, sogeza tena taratibu. Ukikuta zile ulizozifuata, kaza nati, na ukishakaza angalia ubora mara nyingine, kwa sababu nati yenyewe huvuta dishi.

Waya uliooza na kichwa cha LNB kilichoingia maji, hayo kila mtu anayajua. Machi na Septemba jua nalo hupita nyuma ya setilaiti na picha hukatika dakika chache mchana. Hapo sitamlaumu mtu.

Nakubali, shingo upande, kwamba kidude cha piii kinaokoa muda. Nakubali pia kwamba fundi mzoefu hutupia jicho dishi la jirani na kulifuata. Tatizo ni kwamba shangazi ana Azam, na jirani yake ana DStv.

Fundi anarudi kesho. Anadai nauli ya boda.