Makato Yana Meno

Hebu hati ya mshahara tuisome polepole. Mstari wa juu, mshahara ghafi: unatabasamu. Ukifika wa chini unatafuta pa kukaa.

Katikati kuna mstari mtamu, "mchango wa mwajiri", pesa anayokuwekea kwenye mfuko wa pensheni. Watu wanaushukuru kama kapu la sikukuu! Mwajiri anapokuajiri hahesabu mshahara peke yake, anajumlisha kila senti utakayomgharimu. Hiyo, tuseme asilimia 10, anayokupelekea kwenye mfuko huo, sehemu kubwa keshaibana kwenye mshahara. Na mipango mingi ina sharti la miaka: ukiacha kazi mapema, zawadi inarudi kwa mwenyewe.

Halafu wanakwambia mchango wako wa pensheni hautozwi kodi. Haujasamehewa, umekopeshwa. Chukua 100, kodi asilimia 30. Iweke nzima, izae mara mbili, 200. Siku ya kuitoa kodi inachukua 60, unabaki na 140. Sasa lipa kodi kwanza: unaweka 70, nayo inazaa mara mbili bila kuguswa. 140! Mbwembwe zote zile. Nafuu iko kwenye mambo mawili: faida haitozwi kila mwaka, na uzeeni huenda ukaangukia kiwango cha chini. Yaani ili uufaidi sawasawa huo msamaha, ustaafu ukiwa umefulia.

Bosi yeye yuko kiwango cha 30, kila 100 anayochangia inampunguzia kodi 30. Mfagizi wa kiwango cha 10 anapunguziwa 10. Ambaye mshahara wake haufikii hata kutozwa kodi anapunguziwa sifuri, ila mchango anakatwa kama kawaida. Eti ndiyo kuhamasisha wanyonge waweke akiba.

Ada ya uendeshaji sasa, herufi za sisimizi: "asilimia 1 tu kwa mwaka". Hiyo "tu" ina tumbo. 100 ikikua kwa asilimia 5 kwa miaka 40 inafika 704. Ada ikila hiyo 1, inakua kwa 4: 480. Karibu theluthi imeliwa, na mlaji hajawahi kukosa kazini hata siku moja.

Tuseme umevuka yote, pensheni imeanza, ila ni ya kiwango kisichopanda. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 inanunua nusu ya ilichokuwa ikinunua. Na hiyo nusu, mzee wangu, bado hatujaikata kodi. Si ulikopeshwa?